Deni la Daktari wa Nkoma: Hoja ya Kulipa kwa Utumishi

Mijadala yetu kuhusu mikopo ya elimu ya juu huishia kwenye swali la nani hajalipa. Ninauliza jingine: anayelipa, analipa akiwa wapi? Daktari aliyepangiwa Nkoma, kata ya Wilaya ya Itilima iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012, hukatwa asilimia ileile anayokatwa mwenzake aliyebaki Dar es Salaam. Usawa wa namna hiyo, kwa maoni yangu, si haki.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004. Mwaka 2016 makato yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi, na watumishi wakalalamika. Walikuwa na sababu, ila mzigo mzito zaidi ulikuwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Tuchukue mfano: deni la shilingi 20,000,000 na mshahara wa 1,500,000. Tozo peke yake ni 1,200,000 kwa mwaka, na makato ya awali ya asilimia 8 ni 1,440,000. Mtu akatwe miezi 12, deni lishuke kwa 240,000 tu! Tozo hiyo ilipofutwa mwaka 2021, baada ya tangazo la Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Mei Mosi jijini Mwanza, deni likaanza kuwa na mwisho. Kwa asilimia 15, mfano wetu unamalizika katika miaka saba na nusu hivi.

Hata hivyo, tuitazame hati ya mshahara huo. Mkopo 225,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5, ni 75,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 45,000. Kodi ya mapato nayo inazidi 250,000, na inatozwa kana kwamba ile 225,000 ya mkopo imeingia mfukoni mwake. Kinachobaki hakifiki 900,000.

Aliye mjini huziba pengo jioni: anashika zamu katika hospitali binafsi, au anafundisha chuoni. Nkoma ni nchi ya pamba na ng'ombe. Hospitali binafsi ya kumpa zamu za usiku iko mbali, na aliyeiacha familia Mwanza anaendesha nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Hapo mkopo wa benki unafuata, na kanuni ya kumbakizia mtumishi theluthi ya mshahara ndiyo inayobaki kuwa ukuta wake wa mwisho.

Asiyeajiriwa ana shida nyingine. Sheria inampa mhitimu miezi 24 ya neema kabla ya kuanza kurejesha. Kwa daktari, 12 kati ya hiyo humezwa na mafunzo ya vitendo, ambayo bila kuyamaliza hapati usajili kamili. Mwenzake wa fani nyingine ana miaka miwili ya kutafuta kazi; yeye ana mmoja.

Pendekezo langu ni kwamba kila mwaka kamili wa kuhudumu katika kata kama Nkoma ufute sehemu ya deni. Marekani hulipa sehemu ya madeni ya madaktari wanaokubali kufanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba wa wahudumu wa afya, kupitia National Health Service Corps. Najua pingamizi, nalo ni zito: fedha inayorejeshwa ndiyo inayomsomesha kijana anayefuata. Kwa hiyo Bodi isibebeshwe hasara. Hazina iifidie kila shilingi iliyofutwa, kwa kuwa Serikali ndiyo inayomhitaji daktari huyo akae. Na msamaha uhesabiwe baada ya mwaka kutimia, si siku ya kuripoti, maana wengi huripoti na kuanza kuandika barua ya uhamisho.

Nawaomba wizara za elimu, afya na fedha zikae pamoja zipeleke bungeni kifungu cha msamaha huo, na muda wa neema wa daktari uanze kuhesabiwa siku anapopata usajili kamili.