Mto Uvukao Mpaka: Historia ya Bonde la Flathead



Juma hili tunawaalika kutafakari pamoja nasi historia ya mto mmoja ulio mbali nasi, ambao hata hivyo una neno la kutuambia. Ni tawi la kaskazini la Mto Flathead. Tawi hili huanzia katika milima ya jimbo la British Columbia, nchini Kanada, huteremka kusini hadi mpakani, kisha huingia jimbo la Montana, nchini Marekani. Huko huambaa na Hifadhi ya Taifa ya Glacier, na mwishowe maji yake hufika katika Ziwa Flathead.

Katika miaka ya 1970 kampuni iitwayo Sage Creek ilipanga kufungua machimbo ya wazi ya makaa ya mawe karibu na kijito cha Cabin, upande wa Kanada, yapata kilometa 10 tu kutoka mpakani. Ilikusudia kuchimba tani zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Mwaka 1984 serikali ya British Columbia ikaukubali mpango huo kimsingi.

Tusiwahukumu upesi waliouunga mkono. Katika bonde jirani la Mto Elk makaa ya mawe yalikuwa yamelisha familia nyingi kwa miaka mingi, na mtu anayetafuta kazi hana kosa. Tatizo lilikuwa jingine: ajira na kodi zingebaki juu ya mpaka, ilhali tope na uchafu vingeteremka kwa jirani ambaye hakuulizwa.

Jirani huyo hakunyamaza. Wakazi wa bondeni, wavuvi, wataalamu wa maji na makabila ya Salish na Kootenai walipaza sauti. Upande wa Kanada nako walikuwapo watu walioona kwamba bonde lile halistahili kuchimbwa. Lakini kelele peke yake haivuki mpaka. Mwananchi wa Montana hakuwa na kura katika British Columbia. Ilihitajika sheria ambayo nchi zote mbili zilikuwa zimekwisha kuikubali.

Sheria hiyo ilikuwapo. Mwaka 1909 Marekani na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, zilitia sahihi mkataba wa maji ya mpakani. Mkataba huo unakataza maji yavukayo mpaka yasichafuliwe upande mmoja hata kudhuru afya au mali ya upande wa pili. Tena uliunda Tume ya Pamoja ya Kimataifa yenye wajumbe 6, watatu kutoka kila nchi. Katikati ya miaka ya 1980 serikali hizo mbili zikaikabidhi tume hiyo suala la Flathead.

Tume iliwatazama samaki kwa makini. Katika Ziwa Flathead wako samaki aina ya trauti ambao, wakati wa kutaga ukifika, hupanda mto, huvuka mpaka pasipo hati ya kusafiria, na kutaga mayai katika vijito vya Kanada. Mayai hayo huhitaji changarawe safi na maji baridi. Tope likiyafunika, hufa. Basi kuharibu kijito cha Kanada kulikuwa ni kuharibu uvuvi wa Montana. Mwaka 1988 tume ilitoa ripoti yake: mpango ule, kama ulivyoletwa, usikubaliwe.

Je, shauri likaisha? La hasha. Ripoti ilikuwa ushauri tu, na ardhi ile iliendelea kuwa wazi kwa wachimbaji. Katika miaka ya 2000 kampuni nyingine, Cline, ilileta mpango mpya wa makaa ya mawe katika bonde lilelile, na kampuni ya BP ikatupia macho gesi iliyomo katika miamba ya makaa, kabla ya kuliacha bonde hilo mwaka 2008. Wananchi wakaanza upya. Safari hii walikuwa na hoja ya ziada: hifadhi za Waterton na Glacier, zilizounganishwa mwaka 1932 kuwa Hifadhi ya Kimataifa ya Amani, zilikuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1995. Mwaka 2009 UNESCO ilituma wajumbe kwenda kujionea.

Februari 2010 Gavana Brian Schweitzer wa Montana na Gordon Campbell, Waziri Mkuu wa British Columbia, walitia sahihi makubaliano ya kuzuia uchimbaji wa madini, mafuta na gesi katika bonde hilo. British Columbia ilitunga sheria yake mwaka 2011. Marekani ikafuata Desemba 2014.

Hapa tunaomba tuangalie jambo moja. Wamarekani nao walikuwa na vibali vya mafuta na gesi katika upande wao wa bonde. Wangewezaje kumwambia jirani aache, huku wao wakishikilia vyao? Maseneta wa Montana walizihimiza kampuni, na nyingi zikarudisha vibali hivyo kwa hiari. Mwenye kudai haki hana budi kuanza na boriti iliyo katika jicho lake mwenyewe.

Wala kazi haijakamilika. Bonde la Elk halikupata ulinzi huo. Seleniamu itokayo katika machimbo yake huteremka hadi Ziwa Koocanusa, lililolala juu ya mpaka uleule. Wenyeji wa asili, taifa la Ktunaxa, walidai kwa zaidi ya miaka kumi suala hilo lifikishwe mbele ya tume. Ni mwaka 2024 tu lilipofikishwa.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Maji ya Flathead ni safi kwa sababu watu wa kawaida walihudhuria mikutano, walisoma mikataba na kurithishana shauri hilo kwa zaidi ya miaka 30 bila kukata tamaa. Nasi tunapoitwa kutoa maoni juu ya mto, msitu au kisima chetu, tusiseme kwamba hayo ni ya wakubwa. Twendeni, tuulize, tena tumkumbuke yule anayekunywa chini yetu.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.