Mpira wa Pete na Binti Zetu wa Kangari

Kila mwaka, tunapowaletea wanachama hesabu ya fedha na habari za kazi iliyotendeka, twaona yafaa kuongeza kurasa chache za historia, ili kila mmoja ajue asili ya mambo tunayoyashughulikia. Safari hii tumechagua habari ya mpira wa pete, ambao wengi huuita netiboli. Sababu yake ni swali ambalo baadhi ya wazee wetu wametuuliza, nalo ni swali la haki: yafaaje chama cha ustawi kitumie fedha kununua mipira na nguzo za chuma, hali wako watoto ambao karo zao hazijalipwa? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa hasira. Hapana budi lijibiwe kwa kueleza mchezo huu ulitoka wapi, ulifikaje milimani kwetu, na unamfundisha nini msichana.

Asili yake ni mpira wa kikapu. Mnamo Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, alipewa darasa la vijana wakorofi katika chuo cha YMCA. Ilikuwa majira ya baridi, hawakuweza kucheza nje, na michezo ya nje ilipochezwa ndani ya jumba iliwaumiza. Naismith akafikiri hivi: watu huumizana kwa sababu mmoja hukimbia na mpira na wengine humkamata. Basi akakataza kukimbia na mpira. Tena aliona kwamba goli likiwa chini, mpira hupigwa kwa nguvu; likiwa juu, mtu hulazimika kuurusha kwa utaratibu. Akatundika vikapu viwili vya matunda juu ya roshani, kimo cha futi 10, yaani mita 3.05, akaandika sheria 13. Kimo hicho ndicho kimo cha pete yetu hata leo.

Mwaka uliofuata, katika chuo cha wanawake cha Smith, mwalimu Senda Berenson aliuchukua mchezo huo akaubadili. Wakati huo watu waliamini kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kustahimili mbio nyingi. Kwa hiyo aliugawa uwanja sehemu tatu, asiwepo mchezaji wa kukimbia kutoka mwisho hadi mwisho. Akakataza kumpokonya mwenzio mpira. Akaamuru usishikwe zaidi ya sekunde 3. Mchezo ukavuka bahari hadi Uingereza, katika chuo cha mazoezi ya mwili cha Martina Bergman-Österberg, mama aliyetoka Sweden. Huko vikapu vikaondolewa, zikawekwa pete zenye wavu, na mwaka 1901 sheria zikachapishwa. Walimu wanawake waliofunzwa kwa mtindo huo walitawanyika katika shule za wasichana za Uingereza, na baadaye katika makoloni yake.

Twawaomba wasomaji walitazame jambo hili vema. Mpira wa pete ulizaliwa kutokana na hofu mbili: hofu ya vijana kuumizana, na hofu ya kwamba mwanamke atachoka. Hofu ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ya pili haikuwa na msingi, na hapa milimani ilikuwa kichekesho. Mama wa Kigikuyu aliyepanda kilima akiwa na mzigo wa kuni mgongoni, ukamba kipajini, na mtoto kifuani, angemshangaa sana mtu wa kumwambia kwamba atachoka kwa kurusha mpira.

Shule zilifika kwetu pamoja na misheni. Mapadre wa Consolata walifika Tuthu mwaka 1902, na Waskoti walianzisha kituo cha Tumutumu mwaka 1908. Huko Tumutumu Bi. Marion Stevenson alifanya kazi kubwa ya kuwafundisha wasichana hadi karibu na mwisho wa maisha yake mwaka 1930. Wavulana ndio waliotangulia kupata viwanja, kwa kuwa mpira wa miguu ulipendwa upesi. Wasichana walichelewa, si kwa kukosa hamu, bali kwa kukosa saa. Msichana alikuwa na maji ya kuteka, kuni za kutafuta na mdogo wake wa kubeba. Hata shule yenyewe ilikuwa ya wachache. Shule ya upili ya wasichana wa Kiafrika pale Kikuyu, ambayo leo yaitwa Alliance Girls, ilianzishwa mwaka 1948, miaka 22 baada ya ile ya wavulana.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, mwezi Oktoba 1952. Shule za Wagikuyu za kujitegemea zilifungwa, na wasichana wengi walikoma kusoma wakiwa njiani. Kuanzia mwaka 1954 watu wetu waliondolewa katika makao yao wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Kando ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya yalichimbwa mahandaki, na wachimbaji wengi walikuwa wanawake. Hatutaki kupita haraka mahali hapa. Msichana wa miaka hiyo alikuwa na nguvu za kuchimba handaki, lakini hakuwa na ruhusa ya kutoka kijijini apendavyo. Akili zinazotaka kusema kwamba michezo ni anasa ya wasichana wa siku hizi, na zikumbuke kwamba bibi zao hawakukosa nguvu. Walikosa uhuru wa kuzitumia kwa furaha yao wenyewe.

Mwaka 1963, mwaka wa Uhuru wetu, nchi 11 zilikutana Eastbourne, Uingereza, kwa mashindano ya kwanza ya dunia ya mpira wa pete. Miaka mitatu kabla ya hapo, huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, sheria zilikuwa zimelinganishwa, ili nchi zote zicheze kwa namna moja. Baada ya Uhuru, shule ziliongezeka Kenya, nazo nguzo mbili zenye pete zikawa alama ya kawaida katika viwanja vya shule za msingi.

Sasa tuseme habari ya mafunzo yenyewe. Timu ni ya wachezaji 7, na kila mmoja huvaa herufi zinazoonyesha mahali pake. Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Hapa Kangari, ambapo majani ya chai hushuka na kupanda na vilima, kupata tambarare ya kiasi hicho ni kazi ya kwanza ya mwalimu, na mara nyingi jembe hutangulia mpira.

Somo la kwanza ni kudaka. Mwanafunzi anyooshe mikono yote miwili auendee mpira, asiungoje, kisha auvute kifuani. La pili ni kurusha: kutoka kifuani kwa umbali mfupi, kutoka begani kwa umbali mrefu, na kwa kudundisha mara moja chini pale adui alipo karibu. La tatu ndilo gumu, nalo ni la miguu. Ukidaka mpira ukatua kwa mguu mmoja, mguu huo waweza kuuinua, lakini usirudi chini kabla mpira haujakutoka mkononi. Mtoto aliyezoea kukimbia mteremko wa Kangari hulia kwa somo hili. Mwalimu asimkemee, amfundishe kwanza kutua na kusimama bila mpira, mara nyingi, mpaka mwili wenyewe uelewe.

La nne ni kuzuia bila kugusa. Mwenye kuzuia husimama umbali wa mita 0.9 kutoka mguu wa mwenye mpira, ndipo ainue mikono. Kutogusana si kutoshindana. Anayeruhusiwa kusukuma hutegemea uzito wake. Aliyekatazwa hutegemea macho, hesabu na kuruka. La tano ni kujua mpaka wako. Wawili tu katika timu ndio wawezao kufunga, na hata mchezaji wa katikati, ambaye huzunguka kuliko wote, haruhusiwi kuingia katika nusu duara ya goli. Hakuna awezaye kushinda peke yake, hata awe hodari namna gani. Kwa sekunde 3 mpira ni wako. Baada ya hapo ni lazima umwamini mwenzio.

Hivyo zile sheria zilizowekwa ili kumpunguzia mwanamke mbio zimegeuka kuwa ufundi wake. Jirani zetu wamelithibitisha jambo hili. Malawi ilishika nafasi ya 5 duniani mwaka 2007. Mwaka 2023, mashindano hayo yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town, Uganda nayo ilishika nafasi ya 5, nayo ndiyo nchi ya Peace Proscovia, ambaye mpira huu ulimfikisha katika ligi za Uingereza na Australia. Binti za Kenya wamevuma zaidi kwa mpira wa wavu, ambao uliwapeleka Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mpira wa pete haumo katika Olimpiki, kwa hiyo hauvuti macho wala fedha nyingi. Kadhalika, katika shule nyingi kipindi cha mazoezi ya mwili kililiwa na masomo ya mtihani, na nguzo zikasimama bila pete.

Basi, tunawajibu wazee wetu kwa heshima. Karo ni lazima ilipwe, wala hatuombi itanguliwe na mpira. Tunaomba mambo matatu tu: kipande cha ardhi tambarare kisichopandwa kitu, fundi wa kutukunjia vyuma viwili kuwa pete, na zaidi ya hayo, saa moja ya jioni ambayo msichana hatatumwa kuni wala maji, kama vile kaka yake asivyotumwa. Hilo la tatu haligharimu hata senti moja, nalo ndilo lililokosekana tangu zamani. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Na tuanze kuwatunza wetu hapa nyumbani.