Msumeno wa Maji wa Jerash

Katika mji wa kale wa Gerasa, ambao leo ni Jerash nchini Jordan, mafundi wa karne ya 6 walikigeuza chumba kimoja katika eneo la hekalu la Artemi kuwa karakana ya kupasulia mawe, wakautumia mzunguko wa gurudumu la maji kuisukuma misumeno mbele na nyuma. Misumeno hiyo haikuwa na meno, kwani bapa zake za chuma zilibeba tu mchanga uliolowa maji, na mchanga ndio uliolila jiwe polepole. Mbao na chuma vilitoweka. Lakini mapande ya nguzo yaliyoachwa yakiwa yamepasuliwa nusu yalihifadhi mikato, ushahidi wa thamani kubwa mno, ambao kwa kuupima wataalamu waliweza kuuunda upya mtambo huo.