Kura ya Takoma Park na Vikundi vya Redio



Tangu mwaka 1992 mji wetu huu wa Takoma Park unawaruhusu wakazi wasio raia kupiga kura katika uchaguzi wa mji. Mwaka 2013 ukawaongeza vijana wa miaka 16. Basi nyumba moja inaweza kuwa na mama asiye raia na mwanawe wa sekondari, wote wapiga kura, na wote wawili hawajui diwani hufanya kazi gani. Nani awafundishe?

Wazee wetu walikwisha kulijibu swali hilo. Mwaka 1970 Watanzania walijifunza habari za kura kwa vikundi vya redio, katika kampeni iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, kubwa zaidi: kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, majirani kwa majirani. Viongozi wa vikundi, wapatao 75,000, walipewa mafunzo mafupi tu. Hawakuwa madaktari. Kazi yao ilikuwa kuuliza, si kuhutubia.

Kipindi cha redio kikiisha, kijitabu kilisomwa kwa sauti, na aliyejua kusoma juzijuzi alipata pa kujizoeza. Kisha yakaja mazungumzo: hapa kwetu mbu wanazaliana wapi? Maji yetu je, ni safi? Mwishowe kikundi kiliamua cha kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka vichaka. Mtu hasahau somo alilolichimba kwa jembe lake mwenyewe.

Nasi tunaweza kukaa hivyo, watu sita au saba sebuleni, wazazi na vijana pamoja. Kijana asome karatasi za uchaguzi, mama aulize, wote wajibu. Swali la kwanza liwe hili: asiye raia anajiandikisha wapi? Ruhusa yake ni ya uchaguzi wa mji peke yake. Akijiandikisha kimakosa kwa uchaguzi wa jimbo au wa taifa, anaweza kuharibu shauri lake la uhamiaji. Jambo zito kama hilo halifai kusikika kwa mbali kwenye hotuba ukumbini. Linataka mahali ambapo mtu haoni haya kusema, "Jamani, sijaelewa, hebu rudieni."