Kuwafundisha Watoto wa Goweko Habari za Nchi Yao

Watoto wa Goweko husikia mlio wa gari la moshi tangu wangali mgongoni mwa mama zao, kwani reli ilifika Tabora mwaka 1912. Lakini waulize watu walisafirije kabla ya reli, na wengi watanyamaza.

Basi twaona yafaa mwalimu aanze na njia ya misafara. Aliyetoka Bagamoyo, akiisha kuvuka Ugogo, aliingia Mgunda Mkali, pori la kiu. Akatokea Tura, ndipo akashika njia ya Rubuga na Kigwa hata Tabora. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Baadaye vita vya Mnywa Sele na Waarabu wa Tabora viliharibu nchi, hata Stanley alipopita Rubuga mwaka 1871 aliikuta ukiwa.

Tena kuna neno moja latusumbua. Wanafunzi huambiwa mara nyingi kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Sivyo. Watumwa walikuwako, na uovu ule haufichiki. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walio wengi walikuwa watu huru: walipatana ujira, wakachukua pembe na nguo, mzigo wa ratili 60 au 70, na wakipunjwa waliweza kutua mizigo na kukataa kuondoka. Mtoto asiyeambiwa hayo ameibiwa babu yake.

Habari za viumbe nazo zisifundishwe ubaoni tu. Mwalimu awatoe watoto, wauone mninga utoavyo utomvu mwekundu kama damu, na mizinga ya magome iliyotundikwa mitini. Wamwulize mrina asali jinsi ndege yule mdogo anavyomwita hata penye nyuki. Wajue pia kwamba mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, na kwamba kukausha tumbaku kwala kuni nyingi. Hapo wahesabu visiki. Hesabu hiyo wataielewa upesi kuliko ya machungwa ya kitabuni.

Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha Tabora katika Shule ya Mtakatifu Maria, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isimtenge mtoto na watu wa kwao. Wazazi wengine hunung'unika kwamba kutembea porini si masomo. Tungependa waje siku moja, wamsikilize mzee akiwatajia watoto majina ya vijito na mbuga kwa Kinyamwezi, nao watoto wakiyaandika.