Maiki ya Migori na Homa Bay Iko Kwa Nani? Hii Ndio Form ya Sauti za Wamama Kwa Media

Chukua stori yoyote ya Migori ama Homa Bay wiki hii. Wachana na picha, hesabu tu nani ameongea. Utapata chifu, OCS, MCA, mzee wa kijiji. Na mathe mwenye hiyo stori ni yake? Mara mingi ako kwa picha, ameshika leso, kimya. Kama hujawahi kugundua, tulia hapa tukupangie.

Namba zinasemaje

Kuna utafiti wa dunia nzima unaitwa Global Media Monitoring Project, na hufanywa kila baada ya miaka 5 tangu 1995. Mwaka huo wa kwanza, kati ya watu 100 waliotajwa ama kusikika kwa habari, wanawake walikuwa 17. Kufika 2020 walikuwa 25. Yaani robo karne nzima, na tumeongeza watu 8 pekee.

Mbona iko hivyo?

Si lazima kuwe na mtu anachukia wamama. Shida ni vile kazi imepangwa. Ripota wa mashinani mara nyingi hulipwa kwa stori, na stori inatakikana kabla ya jioni. So anapigia mwenye cheo simu, na vyeo vingi viko na wanaume. Siasa za Nyanza nazo hupikwa matangani Jumamosi. Hapo maiki inazunguka kwa waheshimiwa, na mjane akipata nafasi, kamera zishafuata magari ya mkubwa.

Wako kwa stori, sauti hakuna

*Ziwani:* Ukiskia "jaboya", yaani mama kupewa samaki kwa sharti la kulala na mvuvi, stori huwa ni ya virusi tu. Ni kweli Homa Bay ilipatikana na 19.6% kwa utafiti wa KENPHIA wa 2018. Lakini huyo mama pia anajua bei ya samaki, anajua nani ana mtumbwi na nani ana deni. Hiyo ni stori ya biashara, na yeye haulizwi kama mfanyibiashara.

*Macalder, Nyatike:* Mgodi wa dhahabu ukiporomoka, tunaskia wachimbaji. Wamama wengi wako juu, wanasaga mawe na kuosha mchanga wakishika zebaki na mikono. Hiyo sumu haina kishindo, so haifiki taarifa ya saa moja.

*Kuria:* Sheria ya 2011 imepiga ukeketaji marufuku, lakini Desemba ikifika stori ni zile zile: wazee wamesema, maafisa wameonya. Kuficha sura ya msichana ni sawa kabisa. Kuficha maoni yake si sawa.

Stori ya Sharon

Septemba 2018, Sharon Otieno, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, alitekwa nyara pamoja na mwanahabari aliyekuwa akifuatilia stori iliyomhusu. Mwanahabari aliruka kutoka kwa gari akapona. Mwili wa Sharon ulipatikana msitu wa Kodera, Homa Bay. Gavana wa Migori wa wakati huo na wengine walishtakiwa, na wakakana mashtaka. Angalia hapo vizuri. Stori yake hatukuwahi kuiskia kwa mdomo wake. Tulibaki na picha zake za mtandaoni, na watu hawakumjua wakijadili maisha yake.

Kwa burudani je?

Princess Jully wa Migori unamjua. Bwanake, Prince Jully, alipofariki 1997, aliichukua Jolly Boys Band akaendelea nayo, na "Dunia Mbaya" ikaongea kuhusu ukimwi wakati wengi waliogopa hata kuutaja. Aliaga Oktoba 2024. Ngoma unaweza kuimba hadi mwisho. Sasa jiulize: unajua alifikiria nini kuhusu malipo ya wasanii, ama kuongoza bendi ya wanaume? Msanii mwanamke huulizwa ndoa na ugonjwa. Mwanaume huulizwa kazi.

Waliojichukulia maiki

Mama Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, alipeleka hoja bungeni 1997 akitaka wanawake watengewe viti. Wabunge waliiangusha. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, ikaleta sheria ya theluthi mbili. Mwaka wa 2022, Gladys Wanga akawa gavana wa kwanza mwanamke Homa Bay. Huko Suba North, Millie Odhiambo akiongea, media inamfuata.

Lakini cheki vizuri: hao walipata cheo, ndio maiki ikafuata. Mama wa omena hana cheo, na bado stori ni yake.

Wewe utado nini?

Ukisoma stori, uliza maswali 3: Hii imempata nani? Ameongea? Ama ameongelewa tu? Kama mtu amekosewa na chombo cha habari, Media Council of Kenya iko na tume ya malalamishi, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kulalamika huko. Na ukipigiwa simu na redio kuhusu mambo ya ufuo, usiongee kwa niaba ya mathe. Mpatie simu.