Maji Yanayovutwa Puani: Historia ya Humidifaya ya Nyumbani

Hewa ya baridi haibebi maji mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 0 haishiki mvuke zaidi ya gramu 5 hivi, ilhali hewa ya nyuzijoto 20 hushika zaidi ya gramu 17. Hewa ya nje ikiingia ndani wakati wa kipupwe na kupashwa moto, maji yake hubaki yaleyale, lakini uwezo wake wa kubeba maji huongezeka zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana hewa iliyojaa unyevu nje, kwenye nyuzi sifuri, hushuka hadi chini ya asilimia 30 ikifika sebuleni. Nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, unyevu wa ndani huweza kufika asilimia 15. Hapo midomo hupasuka, pua hukauka hata kutoka damu, na samani za mbao huachia viungo. Kwa mkazi wa Unguja au Mombasa, ambako chumvi hushikamana kwenye chupa na nguo huota ukungu kabatini, shida hiyo ni ngeni kabisa. Waswahili wanaohamia Toronto, Minneapolis au Stockholm ndio huigundua, kwa kawaida katika kipupwe chao cha kwanza.

Dawa ya kale ilikuwa chombo cha maji karibu na moto. Juu ya majiko ya chuma ya Ulaya na Marekani iliwekwa birika au sufuria iliyochemka polepole mchana kutwa, na redieta zilipoenea zikaning'iniziwa vyombo vya kauri vilivyojazwa maji. Nchini Korea, ambako nyumba hupashwa moto kwa sakafu iitwayo ondol, watu walitundika taulo zilizoloweshwa ndani ya chumba cha kulala, na wengi hufanya hivyo hadi leo. Hakuna aliyejua kwa hakika ni maji kiasi gani yameingia hewani. Ngozi na koo ndivyo vilivyokuwa vipimo. Kipimo cha kuaminika kilipatikana Geneva, kwa mwanasayansi Horace-Bénédict de Saussure, aliyechapisha mwaka 1783 kitabu chake kuhusu upimaji wa unyevu. Aligundua kwamba unywele wa binadamu ulioondolewa mafuta hurefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika ikiwa kavu, akauunganisha na mshale. Vipimaunyevu vya unywele viliendelea kutumika katika vituo vya hali ya hewa kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Hata hivyo, waliokuwa wa kwanza kulowesha hewa kwa wingi, kwa mitambo, hawakuwa na haja na pua za watu. Walikuwa wenye viwanda vya pamba. Uzi wa pamba ukikauka hukatika; ukipata unyevu huwa imara na mnyumbufu. Hali ya hewa ya mvua na mawingu ya Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ilisaidia kazi hiyo kwa muda mrefu. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, na pamba nzuri ikaadimika. Wenye viwanda waligeukia pamba ya India yenye nyuzi fupi, na ili kuupa uzi uzito na umbo waliupaka wanga uliochanganywa na udongo mweupe. Uzi uliojaa udongo ulikuwa mkakamavu, ulikatika ovyo kwenye vitanda vya kufumia, na haukufumika bila hewa iliyolowa chepechepe. Mabomba yakapitishwa ndani ya mabanda, na mvuke wa boila ukafunguliwa juu ya vichwa vya wafumaji.

Wafumaji, wengi wao wanawake, walifanya kazi kutwa wakiwa wamelowa jasho na mvuke, kisha jioni wakatoka na nguo zilezile kwenye baridi ya barabarani. Vyama vyao vilidai mvuke upigwe marufuku. Bunge halikufika huko, lakini Sheria ya Viwanda vya Nguo za Pamba ya 1889 iliweka kikomo cha unyevu kulingana na joto la banda, na kuwalazimisha wenye viwanda kutundika vipimaunyevu na kuandika vilichosoma. Ilikuwa miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa duniani kuigusa hewa ya mahali pa kazi. Kanuni zilizofuata, kufikia mwanzo wa karne ya 20, zilikwenda hatua ambayo inastahili kukumbukwa kuliko ile ya kwanza: zilitaka maji ya kutengeneza unyevu yawe ya kunywa, kutoka kwenye bomba la umma, au yawe yamesafishwa. Kabla ya hapo kiwanda kingeweza kutumia maji yoyote yaliyokuwa karibu. Wakaguzi walikuwa wameelewa kwamba chochote kilichomo ndani ya maji hayo huishia kifuani mwa mfumaji. Ufahamu huo haukufuatana na mashine zilipohamia majumbani, na gharama ya kuusahau ilikuja kuwa kubwa sana.

Nyumbani, mvuke uliingia kwa mlango wa tiba. Katika karne ya 19 familia za Uingereza na hospitali zake zilitumia birika lenye mdomo mrefu, lililowekwa karibu na kitanda cha mgonjwa wa kifua huku shuka likifunikwa juu yake kama hema. Mtu aliyelelewa na nyungu, aliyeinamishwa juu ya chungu cha majani yanayochemka na kufunikwa blanketi, anaielewa fikra hiyo bila maelezo. Birika hilo liliwapa wengi nafuu, na liliwaunguza watoto wasio na idadi. Katika karne ya 20 nafasi yake ilichukuliwa na chombo cha umeme cha kuchemsha maji, nacho kikaendelea kuunguza waliokipindua au kukikaribia mno. Madaktari kwa miongo mingi waliagiza hewa yenye unyevu kwa watoto wenye uvimbe wa koo unaoleta kikohozi cha kubweka. Jaribio lililofanywa Toronto na kuchapishwa mwaka 2006 liliwagawa watoto kama hao katika makundi yaliyopewa viwango tofauti vya unyevu, na halikuona tofauti ya maana katika kupona kwao. Unyevu hulainisha pua na koo, hautibu ugonjwa.

Hofu ya kuungua ilisukuma utengenezaji wa humidifaya, yaani mashine za kulowesha hewa, kuelekea zile zisizochemsha. Aina moja hupitisha hewa ya feni kwenye utambi au kitambaa kilicholowa, na maji huondoka kama mvuke usioonekana. Nyingine hutumia sahani inayozunguka kwa kasi kuyapasua maji yawe matone. Ya tatu ndiyo iliyoiteka dunia kuanzia miaka ya 1980. Inategemea sifa iliyogunduliwa na ndugu Pierre na Jacques Curie mwaka 1880, kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zikibanwa. Baadaye ikathibitika pia kwamba zikipewa umeme hutikisika. Kisahani kidogo chini ya maji hutikisika zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde, na uso wa maji hurusha ukungu mwembamba, baridi, unaopendeza macho. Mashine haina kelele, hula umeme kidogo na ni rahisi.

Kasoro yake imo humohumo katika uzuri wake. Maji yakichemka, chokaa hubaki chini kama ukoko na vijidudu hufa. Yakiondoka kwenye utambi, vilivyomo hubaki kwenye utambi. Kisahani kinachotikisika hakichagui: hurusha maji pamoja na chumvi, kuvu, bakteria na kila kilichoyeyuka ndani yake, katika matone madogo kiasi cha kufika mwisho kabisa wa mapafu. Vumbi jeupe linaloonekana juu ya meza asubuhi ni chumvi za maji ya bomba zilizopitia njia hiyo.

Madhara ya maji machafu yalianza kuandikwa na madaktari kabla ya mashine hizo kuenea. Mwaka 1959 daktari Mswisi aitwaye Pestalozzi alieleza homa iliyowapata kwa pamoja mafundi wa karakana moja ya useremala, na chanzo chake kilikuwa maji ya kulowesha hewa yaliyoota kuvu. Wagonjwa wa homa ya namna hiyo mara nyingi huumwa Jumatatu, wanaporudi kazini baada ya mapumziko, na huonekana kuzoea kadiri wiki inavyoendelea. Baada ya bakteria wa Legionella kutambuliwa, kufuatia mlipuko wa nimonia wa Philadelphia wa 1976, mashine za ukungu zilianza kutazamwa kwa jicho jingine. Mwaka 1989, katika mji wa Bogalusa, Louisiana, chanzo cha mlipuko wa nimonia hiyo kilikuwa mashine ya kunyunyizia mboga ukungu dukani. Mwishoni mwa 2008, katika hospitali moja ya Kupro, humidifaya iliyojazwa maji ya bomba kwenye chumba cha watoto wachanga iliwaambukiza watoto tisa, na watatu walifariki.

Korea Kusini ndiko hofu hiyo ya vijidudu ilikogeuzwa kuwa biashara. Kipupwe cha Seoul ni kikavu na kikali, familia nyingi huishi katika ghorofa zenye sakafu ya moto, na humidifaya ni kitu cha kawaida kando ya kitanda cha mtoto. Kuisafisha kila siku huchosha. Mwaka 1994 kampuni ya Yukong ilitoa dawa ya kimiminika ya kutia ndani ya tangi ili kuua vijidudu bila kusugua, na nyingine zikafuata. Iliyouzwa sana ilikuwa ya kampuni ya Oxy, ambayo Reckitt Benckiser ya Uingereza iliinunua mwaka 2001. Kiambato chake kikuu kilikuwa kemikali ya kundi la guanidini iitwayo PHMG. Lebo zilidai ni salama, hata kwa watoto. Kemikali hiyo ilijulikana kwa matumizi mengine, kama kwenye mazulia, na kugusa ngozi si jambo moja na kuvutwa puani usiku kucha, mwezi baada ya mwezi, katika chumba kilichofungwa. Usalama wake kwa njia ya pumzi haukuthibitishwa kabla ya kupelekwa sokoni.

Madaktari wa watoto walikuwa wamekwisha kuona, tangu katikati ya miaka ya 2000, watoto wanaoletwa majira ya kuchipua wakiwa na mapafu yanayokakamaa kwa kasi isiyozuilika. Wakati huo wa mwaka ulikuwa na maana: ulifuata miezi ya kipupwe ya kuendesha mashine. Lakini ni katika majira ya kuchipua ya 2011, wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni walipolazwa kwa wingi katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Asan Medical Center, Seoul, ndipo taasisi ya taifa ya udhibiti wa magonjwa ilipoitwa. Tarehe 31 Agosti 2011 taasisi hiyo ilitangaza kwamba dawa ya humidifaya ndiyo inayoshukiwa, na Novemba, baada ya majaribio kwa wanyama, serikali iliamuru bidhaa ziondolewe. Idadi ya wagonjwa wapya wa aina hiyo iliporomoka.

Haki ilikuja kwa mwendo wa kobe. Reckitt iliomba radhi hadharani mwaka 2016. Januari 2017 aliyekuwa mkuu wa Oxy alihukumiwa kifungo cha miaka 7, ambacho mahakama ya rufaa ilikipunguza hadi 6. Mwaka huohuo ilianza kutumika sheria maalumu ya kuwafidia waathirika, na waliotambuliwa rasmi wamepita 5,000. Tangu 2019 sheria nyingine inataka kemikali za kuua vijidudu zichunguzwe kabla ya kuuzwa. Inauma kukumbuka kwamba wengi wa walionunua dawa hiyo walikuwa wazazi waangalifu kupita wengine, waliotaka mtoto avute hewa safi.

Baada ya hapo Wakorea walibadili namna ya kuchagua. Mashine za kuchemsha, nyingi zikiwa na chombo cha chuma kisichoshika kutu kinachosuguliwa kama sufuria, zilirudi sokoni kwa nguvu, sambamba na zile za utambi na matangi yenye mdomo mpana unaopitisha mkono mzima. Mdomo huo ni kigezo kizuri kwa mnunuzi wa nchi yoyote, kwa kuwa tangi lisiloingia mkono halisafishiki. Mashine ya kuchemsha inafaa pale ambapo hakuna mtoto anayetambaa. Ya utambi hupunguza kazi yenyewe chumba kikishaloa, ila utambi hubadilishwa mara kwa mara. Ya kutikisa maji inahitaji maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena, la sivyo vumbi jeupe haliepukiki.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linapendekeza unyevu wa nyumbani uwe kati ya asilimia 30 na 50, kiasi kinachosomeka kwenye kipimaunyevu cha bei nafuu. Juu ya hapo kuvu na utitiri wa vumbi hustawi, na maji huanza kutiririka kwenye vioo vya madirisha. Maji ya jana humwagwa kila siku, tangi hupanguswa likakaushwa kabla ya kujazwa upya, na kila siku ya tatu husuguliwa. Ukoko wa chokaa huachia kwa siki nyeupe, na kila dawa ya kusafishia husuuzwa hadi iishe kabla mashine haijawashwa. Utelezi unaoguswa ndani ya tangi ni utando wa bakteria, hata kama maji yanaonekana maangavu. Kipupwe kikiisha, mashine husafishwa, utambi uliotumika hutupwa, na tangi hukaushwa kabisa kabla ya kuwekwa stoo.